Laptopu ya zamani inaunguruma na kuchemka: tafuta joto lilikokwama kabla ya kununua pesti

#1 Bisibisi_PH0

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa laptopu zilizokula chumvi: ThinkPad T460 hadi T480, Dell Latitude 7480 na 5490, HP EliteBook 840 za G3 hadi G5, na wenzao wa rika hilo. Mashine bado ina nguvu ya kazi za kila siku, lakini feni inavuma kama jenereta ya jirani na sehemu ya kuwekea kiganja inaunguza.

Feni ikianza kelele, ushauri wa kwanza mtaani ni "badilisha pesti", ile grisi ya kupitisha joto inayopakwa juu ya chipu. Pesti ni kituo kimoja tu. Joto linatoka kwenye chipu, linapita kwenye pesti, linaingia bamba la shaba, linakimbia ndani ya bomba bapa la shaba, linafika kwenye vibati vyembamba vya pembeni, halafu upepo wa feni unalitoa nje. Feni ndiyo inayolalamika, lakini mara nyingi mkosaji ni mwingine kwenye msafara huo. Kwa hiyo pima kwanza, bisibisi baadaye.

Windows: weka HWiNFO64, fungua kwa "Sensors-only". Linux: weka lm-sensors, kisha andika `sensors`. Kazi nzito unaipata kwa CPU-Z, kitufe cha "Stress CPU" kwenye ukurasa wa Bench, au Linux `stress-ng --cpu 0 -t 600`, ambayo inakwenda dakika 10. Andika namba nne kwenye karatasi: joto la chumba, joto la prosesa mashine ikiwa imetulia dakika 10, joto lake mwisho wa kazi nzito, na mizunguko ya feni kwa dakika kama mashine yako inaionyesha.

Sasa angalia *namna* joto linavyopanda na kushuka. Hapo ndipo penye jibu.

Likiruka kutoka 50 hadi 97 ndani ya sekunde moja au mbili, na ukisimamisha kazi linaanguka vilevile ghafla, huku upepo unaotoka pembeni ni wa uvuguvugu tu, joto halivuki kutoka kwenye chipu. Hapo ni pesti iliyokauka, skrubu iliyolegea, bamba lililopinda au bomba lililokufa.

Likipanda polepole kwa dakika tatu, nne, tano hadi 95, likashuka kwa kujivuta, na upepo wa pembeni ni moto sana lakini dhaifu kama pumzi ya mgonjwa, joto linafika kwenye vibati ila halipati hewa ya kulibeba. Hapo ni vumbi, au feni imechoka. Pesti mpya hapa haibadilishi kitu.

Joto likiwa 60 au 65 tu na feni bado iko juu kabisa, shida ni programu, BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) au sensa. Na kama mizunguko ni midogo lakini mlio ni mbaya, ni beringi.

---

#2 kibati_cha_shaba

Naongeza kuhusu bomba, maana watu hulisahau. Ndani yake limefyonzwa hewa na kuachwa kimiminika kidogo, kwa kawaida maji, ambacho huchemka upande wa chipu na kutona upande wa vibati. Likipasuka hata tundu usiloliona, au likikunjwa na fundi aliyeng'oa kwa nguvu, linabaki kipande cha shaba tu. Kipimo: hitisinki (bamba, bomba na vibati kwa pamoja) ikiwa nje, chovya ncha moja kwenye kikombe cha maji ya moto na ushike ncha ya pili. Bomba zima linakuchoma vidole ndani ya sekunde chache. Bomba lililokufa linakupa nafasi ya kuhesabu hadi ishirini na zaidi. Kausha vizuri kabla ya kurudisha.

---

#3 mgeni_wa_jioni

T480 yenye i5-8250U, haina kazi yoyote, inasoma nyuzi 58 mchana na 49 usiku wa manane. Dar, chumba hakina kiyoyozi. Ni mbovu?

---

#4 Bisibisi_PH0

Mkuu, toa joto la chumba kwanza. Hitisinki haiwezi kupoza chini ya hewa inayoivuta. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 24 hadi 33, prosesa nayo inapanda takribani nyuzi hizohizo tisa, feni ikiwa kwenye kasi ileile. Kwa hiyo usilinganishe namba zako na za mtu wa Uholanzi mwezi wa kwanza. Linganisha tofauti: ya prosesa kutoa ya chumba.

Chumba cha nyuzi 32, mashine imetulia, 45 hadi 58 ni sawa. Chini ya kazi nzito, 80 hadi 90 kwa prosesa hizi za wati 15 si jambo la kukosesha usingizi. Kikomo cha i5-8250U ni nyuzi 100. Ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe. HWiNFO itakuandikia "Thermal Throttling: Yes" kwenye kiini (core) husika cha prosesa. Hiyo "Yes" ndiyo ya kushughulikia.

---

#5 Pwani_Teknik

Kabla mtu hajafungua kitu, asikilize aina ya mlio. Kuna uvumi wa hewa tupu, "shuuu": feni ni nzima, ila inaendeshwa kwa kasi. Kuna mkwaruzo, "grrrr", hasa dakika za mwanzo mashine ikiwa baridi: mafuta ya beringi yamekauka. Inua laptopu isimame kwa ubavu, kisha igeuze upande wa pili. Mlio ukibadilika au ukinyamaza, ni beringi, usitafute zaidi. Kuna "tik-tik-tik" inayoongeza kasi pamoja na feni: bawa linagusa kitu, na mara nyingi ni waya wa antena ya Wi-Fi uliotoka kwenye njia yake baada ya mtu kubadilisha RAM.

Na kuna mlio mwembamba kama wa mbu unaobadilika ukisogeza ukurasa au kipanya. Huo hautoki kwenye feni. Ni koili kwenye mazabodi (bodi kuu) zinazotetemeka umeme unapobadilika. Feni mpya haitaunyamazisha. Vilevile laptopu zenye diski ya kuzunguka: "kaak, kaak" ni diski inayoaga dunia, nakili mafaili yako leo.

---

#6 dada_wa_terminali

Ishara ya tatu ya mkuu hapo juu (feni juu, joto la wastani) nina la kusema. Fungua Task Manager, panga kwa CPU, uache dakika 15 bila kugusa. Usitazame anayekula 80% kwa sekunde mbili, tazama anayekula 12 hadi 25% *muda wote*. Kwenye prosesa ya nyuzi nane (threads, njia za kazi, si nyuzi za joto), programu iliyokwama kwenye uzi mmoja inaonekana kama 12.5% tu, unaipuuza, kumbe inaishikilia prosesa kwenye turbo, ile kasi ya juu kuliko ya kawaida, saa nzima.

Washukiwa wa kawaida: kuorodhesha mafaili baada ya kuhamisha picha nyingi (kunaisha kwenyewe), antivairasi mbili zinazokaguana, programu ya kuchapisha yenye foleni iliyokwama, na zile programu za "kreki" zinazochimba sarafu kimyakimya. Hizi za mwisho nyingine zina ujanja: ukifungua Task Manager zinatulia. Kama feni inanyamaza kila ukifungua Task Manager na kurudi ukiifunga, safisha Windows upya, usibembeleze.

Halafu video. YouTube inaweza kukupa video iliyobanwa kwa mtindo wa AV1, na prosesa za Intel kabla ya kizazi cha 11 hazina saketi ya kuifungua, kwa hiyo kazi yote inabebwa na viini. Kizazi cha 7 na cha 8 zina saketi kamili ya VP9, cha 6 ni nusunusu. Bonyeza kulia juu ya video, chagua "Stats for nerds", soma mstari wa Codecs: av01 ni AV1, vp09 ni VP9, avc1 ni H.264. Ukiona av01 na feni inapaa, weka kwenye kivinjari kiongezi cha aina ya h264ify, kinachoifanya YouTube ikupe H.264. Gharama zake: hutapata zaidi ya 1080p, na bando litaliwa zaidi kwa ubora uleule. Kwa skrini ya T460 hiyo 1080p inatosha na kubaki.

---

#7 Pwani_Teknik

Hilo la AV1 watu wanabadilishiwa pesti mara mbili kwa ajili yake. Asante dada.

---

#8 Bisibisi_PH0

Twende kwenye kufungua. Mfano ni T480, nyingine ni jamaa yake.

Vifaa: bisibisi ya nyota PH0 na PH00, kadi ya plastiki isiyotumika, brashi ya rangi ya inchi 1 yenye nywele laini, isopropili (spiriti ya kusafishia) ya 90% kwenda juu (99% ni bora), karatasi za kuchujia kahawa au kitambaa kisichoacha nyuzi, kijiti cha meno, pesti. Spiriti ya vidonda ya 70% ina maji mengi, itumie tu kama hakuna kingine na usubiri ikauke kabisa. Usitumie petroli, usitumie manukato.

Washa mashine dakika tano ifanye kazi, pesti ilainike. Kisha ingia BIOS kwa F1, Config, Power, "Disable Built-in Battery". Mashine itazima. Chomoa chaja, toa betri ya nyuma. Hatua hii watu huiruka kwa sababu betri ya ndani haionekani. Bisibisi ikiteleza pale karibu na prosesa na umeme upo, kesi imekwisha.

Kifuniko cha chini kina skrubu sita ambazo hazitoki, zinalegea tu. Ingiza kadi kwenye ufa kuanzia pembeni, zunguka nayo. Kama kifuniko kilikuwa tayari kimebenuka kabla hujagusa, au paneli ya kugusia haibonyeki, simama: betri imevimba. Usiitoboe, usiikunje, usiichaji tena. Ibadilishe kwanza, maana betri hiyo inasukuma mazabodi na inaweza kuwa ndiyo iliyoziba njia ya hewa.

Chomoa waya wa feni kwa kuusukuma kichwa chake kwa kucha, usivute nyuzi. Skrubu za hitisinki zimeandikwa namba pembeni. Kulegeza unaanza na namba kubwa kurudi 1, nusu mzunguko kila moja, mpaka zote zilegee. Kisha zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia. Usiivute juu moja kwa moja: chipu hizi hazina kofia ya chuma, ni silikoni tupu, na ukingo wake ukimeguka hakuna gundi ya kuurudisha.

Sasa tazama kati ya feni na vibati. Siyo nje kwenye tundu, ni *kati*. Bandua utepe mweusi unaounganisha feni na vibati, au fungua kifuniko cha feni chenye skrubu ndogo tatu au nne. Utakuta kitu kama kipande cha zulia, kijivu, unene wa milimita mbili au tatu, kimelala wima kufuata vibati vyote: nywele, nyuzi za shuka, vumbi, vimeshonana. Kikwanyue kwa kijiti kikiwa kizima, kitoke kama ganda. Hicho ndicho kilichokuwa kinanyima mashine pumzi, na hicho hakitoki kwa kupuliza kutoka nje. Ukipuliza kupitia tundu la nje unakisukuma kirudi kwenye mabawa, siku mbili kimerudi mahali pake.

Brashi inamalizia. Mabawa nayo yafutwe, kwa sababu vumbi lililoganda upande mmoja linayapotosha uzito na feni inatetemeka.

---

#9 fundi_mwendokasi

Kupeleka kwa jamaa wa pancha akapuliza na kompresa, dakika moja kwisha. Mnajisumbua na brashi.

---

#10 kibati_cha_shaba

Kaka, kompresa ya gereji ina mambo matatu. Tangi lake lina maji na mafuta, yanatoka pamoja na upepo. Presha yake ni ya kujaza tairi la lori, inang'oa vichwa vya waya na vipande vidogo kwenye bodi. Na inaizungusha feni kwa kasi ambayo beringi haikutengenezewa. Feni inayozungushwa kwa nje pia inazalisha umeme kurudi kwenye saketi ikiwa bado imechomekwa. Ukilazimika kupuliza, chomoa feni, zuia mabawa kwa kijiti, tumia bloa ndogo ya mkono kutoka sentimita 20 au 30, kwa vipindi vifupi. Na lile zulia litoe kwa mkono kwanza hata hivyo.

---

#11 mgeni_wa_jioni

Zulia limetoka, kama mlivyolieleza. Pesti kiasi gani? Kuna wanaosema punje ya mchele, kuna wanaosema paka kama siagi kwenye mkate.

---

#12 Bisibisi_PH0

Punje ya mchele ni ya prosesa za mezani zenye kofia ya chuma, pale joto linasambazwa na kofia. Kwenye silikoni tupu sehemu isiyofunikwa inachemka peke yake, kwa hiyo funika chipu yote kwa tabaka jembamba, kadi ikikusaidia kusambaza. Ya kuzidi kidogo itajisukuma pembeni bila madhara, mradi si pesti ya metali ya kimiminika. Hiyo usiisogeze kabisa kwenye laptopu hizi: ina galiamu, inakula alumini na inapitisha umeme.

Kwenye i5-8250U utaona chipu mbili juu ya ubao mmoja. Kubwa ni prosesa. Ndogo ni ya kudhibiti milango na diski. Kama ndogo haikuwa na pesti ulipofungua, hitisinki haiifikii, iache.

Pedi laini za mstatili zinazogusa vipande vya umeme pembeni usizibadilishe kwa pesti. Zimewekwa kujaza pengo la nusu milimita, milimita moja, au moja na nusu. Pesti haijazi pengo hilo. Na ukiweka pedi nene kuliko ya awali, inaibeba hitisinki juu, chipu haigusi sawasawa, unarudi kwenye ile ishara ya kwanza ya kuruka hadi 97. Pedi iliyochanika pima unene wake pale ambapo haikubanwa.

Kufunga: namba 1, 2, 3, 4, nusu mzunguko kila moja, hadi zigote. Zikigota basi, usiongeze.

---

#13 Pesti_na_Pedi

Nakubali yote ila aina ya pesti itajwe. MX-4 na jamaa zake laini zinapakwa kirahisi na siku ya kwanza zinapendeza. Tatizo, kwenye silikoni tupu inayopanda na kushuka nyuzi 40 mara mia kwa siku, chuma kinapanuka na kusinyaa, pesti laini inasukumwa nje kidogokidogo. Baada ya miezi katikati ya chipu pamebaki wazi, na mwenye mashine anadhani aliuziwa feki. Chukua nzito zaidi, mfano Noctua NT-H2 au MX-6, au acha pesti utumie karatasi ya Honeywell PTM7950.

PTM7950 ni ngumu ikiwa baridi na inalainika kwenye nyuzi 45 hivi, inajaza mikwaruzo, ikipoa inaganda tena, ndiyo maana haikimbii. Kata kipande sawa na chipu. Iweke kwenye friza dakika chache ili nailoni zibanduke bila kuichana, bandua upande mmoja, bandika, bandua wa pili. Usiongeze pesti juu yake. Mara ya kwanza namba hazitavutia, ipe kazi nzito na uiache ipoe, mara tatu nne, ndipo upime. Ukiletewa iliyo laini kama ubani wa kutafuna kwenye joto la chumba chenye kiyoyozi, si yenyewe.

---

#14 fundi_mwendokasi

Kwa wateja wengi wa hapa hiyo karatasi ni anasa. Pesti nzito inatosha, ifunguliwe tena baada ya miaka miwili kwa sababu zulia litakuwa limerudi.

---

#15 Pesti_na_Pedi

Hapo sibishi. Kwenye nyumba ya vumbi utafungua tena kwa ajili ya vibati, uwe na karatasi au usiwe nayo.

---

#16 Pwani_Teknik

Feni zenye mkwaruzo. Kutia mafuta kunawezekana na ni suluhisho la miezi, si la miaka. Feni nyingi za laptopu kitovu chake kimeshikwa na sumaku: shika mabawa karibu na kitovu, vuta juu taratibu ukiwa sawa, kinachomoka. Kikikataa, kuna kifungo cha plastiki chini, usilazimishe. Futa ekseli na tundu lake kwa isopropili, weka tone *moja* la mafuta ya cherehani kwa sindano ya insulini, rudisha, zungusha kwa kidole mara kumi. Tone la pili litarushwa kwenye vibati na kukusanya vumbi maradufu.

WD-40 ya kawaida hapana, inaosha grisi iliyobaki kisha inakauka, kelele inarudi na nduguze. Mafuta ya nazi na ya kupikia yanaganda kama gundi.

Kama ekseli inacheza kushoto kulia ukiigusa, tundu limelika. Nunua feni. Na dukani usitaje jina la laptopu peke yake. Soma kibandiko kilicho juu ya feni: namba ya modeli, volti (karibu zote ni DC 5V), ampea, idadi ya waya. Mashine yenye feni mbili, ya prosesa na ya kadi ya picha ni kama kiatu cha kushoto na cha kulia, hazibadilishani. Linganisha pia urefu wa waya na umbo la kichwa chake. Waya nne kazi yake ni umeme, hasi, amri ya kasi, na taarifa ya mizunguko. Ukipewa feni isiyo na waya wa taarifa, mashine itadhani feni imekufa.

---

#17 dada_wa_terminali

Kwa wasiotaka kufungua, au waliofungua na bado wanataka utulivu: punguzeni wati. Turbo ndiyo inayofanya feni iruke ukifungua tu ukurasa mzito. Kwenye Windows, terminali ya msimamizi:

`powercfg /setacvalueindex scheme_current sub_processor PROCFREQMAX 2400`
`powercfg /setactive scheme_current`

Hiyo inaweka dari ya 2400 MHz mashine ikiwa kwenye chaja. Kwa betri, badilisha `setacvalueindex` iwe `setdcvalueindex`. Kurudisha, weka 0. Ile mbinu ya zamani ya kuweka "Maximum processor state" 99% nayo inazima turbo, lakini i5-8250U inabaki karibu na 1.6 GHz na utaisikia ikijikokota. 2400 ni maafikiano mazuri.

Ukiwa na ThrottleStop, programu ya kudhibiti wati na volti za prosesa, kwenye ukurasa wake wa TPL weka kikomo cha muda mrefu wati 15 na cha muda mfupi 20 au 25. Kushusha volti kunasaidia zaidi, kwa sababu joto linafuata mraba wa volti: kutoka volti 1.00 hadi 0.92 ni pungufu la kama 15% kwa kazi ileile. Kwenye ukurasa wa FIVR, "CPU Core" na "CPU Cache" zishuke pamoja, anza na -50 mV, ongeza 10 kila baada ya jaribio la nusu saa. Chipu nyingi za kizazi cha 8 zinafika -80 hadi -100, si zote. Mashine ikiganda, rudi nyuma 20. Usiiruhusu ijianzishe na Windows mpaka uamini.

Ukikuta sehemu ya kushusha volti imefungwa, sababu ni udhaifu wa Plundervolt uliotangazwa Desemba 2019, BIOS za baada ya hapo nyingi zilifunga mlango huo. Windows 11 yenye "Memory integrity" nayo inazuia. Sishauri kurudisha BIOS ya zamani kwa ajili ya nyuzi tano.

---

#18 nyuzi_40

Na ThinkPad kwenye Linux? Feni inapanda na kushuka kila sekunde kumi, hiyo ndiyo inayoudhi kuliko kelele yenyewe.

---

#19 dada_wa_terminali

Ndugu, hiyo ni kwa sababu kiwango cha kupanda na cha kushuka vimekaribiana. Weka thinkfan, programu ya kudhibiti feni za ThinkPad. Kwenye `/etc/modprobe.d/thinkpad_acpi.conf` andika `options thinkpad_acpi fan_control=1`, washa upya. Kisha kwenye thinkfan.yaml ngazi ziwe zinapishana:

```
levels:
  - [0, 0, 55]
  - [2, 48, 66]
  - [4, 60, 76]
  - [7, 70, 86]
  - ["level full-speed", 82, 32767]
```

Namba ya kati ni ya kushukia, ya mwisho ni ya kupandia. Ngazi ya 2 inaanza ikivuka 55 lakini haizimi mpaka ishuke 48. Pengo hilo la nyuzi saba ndilo linaloondoa kupanda na kushuka. Kwa Mombasa au Dar ngazi ya 0 haitatumika mchana, ifute tu: feni inayozunguka polepole muda wote inachosha masikio kidogo kuliko inayowaka na kuzima. Ukitaka kuirudishia mashine madaraka, `echo level auto | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan`. Usiache kiwango kidogo kilichowekwa kwa mkono ukaondoka.

---

#20 kibati_cha_shaba

Wenye kadi ya picha ya pili (MX150 na nduguze): kuizima kwenye Device Manager wakati mwingine kunaongeza joto. Ukizima dereva (programu inayoiendesha kadi) hakuna wa kuiamuru kadi ilale, inabaki macho inakula umeme. Acha dereva, weka programu zako zitumie ya Intel. Kama BIOS ina swichi ya kuizima, hiyo ni sawa.

---

#21 tofaa_kuukuu

MacBook Pro na Air za Intel, 2012 hadi 2017, kanuni ni hizihizi, skrubu ndizo tofauti: Air ya miaka hiyo na Pro za Retina hadi 2015 zina skrubu kumi za P5 (nyota ya pembe tano) chini, si za urefu mmoja, zipange kwenye karatasi uliyochora umbo la kifuniko. Ndani nyingi ni T5 (nyota ya pembe sita). Ukiona `kernel_task` inakula 300% kwenye Activity Monitor usiitafute kuiua, ni macOS inajaza nafasi ili prosesa ipate kupoa. Tafuta joto. Feni ikiwa juu toka kuwasha na mashine ni baridi, weka upya SMC (chipu inayosimamia umeme na feni): mashine imezimwa, chaja imechomekwa, shikilia Shift, Control na Option za kushoto pamoja na kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10.

---

#22 Mswahili_wa_Maskati

Huku Omani vumbi ni jembamba kama unga wa sembe, halijishoni kuwa zulia haraka, linajipaka kwenye mabawa na kuingia kwenye beringi. Brashi kavu haitoshi, malizia na kitambaa chenye isopropili bawa kwa bawa. Wa pwani wenzangu wana la ziada: hewa ya chumvi inachafua vibati na kutia kutu skrubu. Skrubu yenye kutu tia tone la mafuta usubiri, usiizungushe mpaka ikatike kichwa ndani ya mazabodi.

Na mahali pa kuweka. Laptopu hizi zinavuta hewa kutoka chini. Godoro, kanga iliyokunjwa, mto: zote zinaziba. Inua upande wa nyuma sentimita mbili tatu, vizibo viwili vya chupa ya maji vinatosha. Hivyo vibao vya kupozea vyenye feni na taa za rangi, faida yake kubwa ni kule kuinua.

---

#23 mgeni_wa_jioni

Nimefunga. Inawaka, inaandika "Fan Error", inazima.

---

#24 Bisibisi_PH0

Usiogope mkuu. Hiyo inatokea kabla Windows haijaanza, kwa hiyo ni waya au bawa. HP wangekuandikia "System Fan (90B)", maana ileile. Zima betri ya ndani tena kwenye BIOS kama inakuruhusu kufika huko, kama haikuruhusu chomoa betri zote mbili kwa mkono. Kichwa cha waya wa feni kikae hadi mwisho, kikiinama upande mmoja waya wa taarifa haugusi. Kisha zungusha mabawa kwa kidole: yazunguke huru na kusimama taratibu. Yakisimama ghafla, kifuniko cha feni kimekaa vibaya au ule utepe mweusi umekunjwa ndani.

---

#25 mgeni_wa_jioni

Ni utepe. Umekaa sawa sasa. Chumba 31, imetulia 47, kazi nzito dakika 10 mwisho 81, inapanda polepole. Feni 3,600.

---

#26 Pesti_na_Pedi

31 kwa 47, na kupanda polepole, mguso uko sawa. Andika namba hizo na tarehe kwenye kibandiko, ubandike ndani ya kifuniko cha chini.